Simba Haanguki kwa Sekunde Mbili: Kumwandika Daktari wa Wanyama Ndani ya Riwaya ya Taharuki

Kuna tukio moja ambalo limeharibu riwaya nyingi ambazo zingekuwa nzuri. Mnyama mkali katoroka. Daktari anapiga goti, analenga kwa bunduki ya dawa ya usingizi, anafyatua, na kabla msomaji hajashusha pumzi mnyama yuko chini kama gunia. Mwandishi anadhani ameokoa kurasa, kumbe ametupa dakika kumi zenye taharuki kuliko zote kitabuni mwake. Dawa inayodungwa kwenye msuli huchukua dakika 5 hadi 15 kumlaza mnyama mkubwa. Ndani ya dakika hizo mnyama anakimbia, ameshtuka, anaweza kugeuka, na daktari hana la kufanya zaidi ya kumfuata asimpotee machoni.

Riwaya ya taharuki huishi kwa saa inayokimbia. Waandishi huitafuta saa hiyo kwenye bomu au kwenye gari la majambazi, ilhali daktari wa wanyama huibeba mkobani kila siku. Atakayejifunza namna dawa, mwili wa mnyama na makaratasi vinavyofanya kazi hatahitaji bomu, na kitabu chake kitasomwa hadi mwisho hata na daktari aliyetoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, au Chuo Kikuu cha Nairobi.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Msomaji wa Kiswahili hashangazwi na simba. Kwa mtu wa kando ya Serengeti au Tsavo, simba ni jirani mbaya tu. Ajabu huja pale mnyama anapokutwa pasipo pake: kitoto cha duma kimefungiwa bafuni katika nyumba ya ghorofa, chui milia wa Asia ananguruma nyuma ya ukuta wa shamba la katani, kobe wa Madagaska wamepangwa ndani ya sanduku la nguo. Kwa hiyo usihangaike kubuni mnyama asiyekuwepo duniani. Chukua mnyama wa kweli, kisha ubuni njia aliyopitia hadi akafika hapo. Fumbo la kitabu ni hiyo njia.

Na shujaa wako asiwe bingwa wa helikopta tangu ukurasa wa kwanza. Daktari wa wilaya ananifaa zaidi. Asubuhi amekagua nyama machinjioni, mchana amechanja mbwa dhidi ya kichaa, jioni anapigiwa simu na mlinzi wa nyumba kubwa.

"Shikamoo dokta. Bosi anasema uje kumwona mbwa wake, hali chakula."

"Marahaba. Mbwa wa aina gani?"

"Mbwa tu, dokta. Ila uje na glavu zile nene."

Mistari mitatu, na msomaji ameshajua kwamba huyo si mbwa.

Dawa

Hapa ndipo pa kukaa sana, maana ndipo waandishi wengi wanapoanguka. Hakuna dawa moja ya usingizi kwa wanyama wote. Faru, tembo, twiga na nyati hulazwa kwa etorfini, ambayo madaktari wa wanyamapori wengi huiita M99. Ni ya ukoo wa mofini lakini ina nguvu zaidi yake mara elfu moja hadi tatu. Faru mweupe mzima wa tani 2 hulazwa kwa miligramu 3 hadi 4. Kwenye kichupa chenye miligramu 9.8 kwa kila mililita, hiyo ni chini ya nusu mililita. Dume la tembo huhitaji karibu miligramu 15. Mwandishi aweke picha hiyo kichwani: matone machache yanayomwangusha faru, ndani ya bomba la sindano lililoshikwa na mkono unaotoka jasho.

Paka wakubwa hawapewi etorfini. Simba hupewa mchanganyiko wa tiletamini na zolazepamu, ambao huja kama unga na kuchanganywa na maji ya sindano, au ketamini pamoja na medetomidini. Tofauti hizi zinaweza kubeba sura nzima. Ule mchanganyiko wa kwanza hauna dawa inayoutengua wote, kwa hiyo simba atalala saa kadhaa, utake usitake, na lazima mtu amkeshee fisi na simba wenzake wasimrukie. Medetomidini hutenguliwa kwa atipamezoli, lakini daktari akiharakisha kuidunga wakati ketamini bado imejaa mwilini, mnyama huamka na mishtuko na misuli iliyokakamaa. Kumwacha alale hatari, kumwamsha mapema hatari. Na walio nje ya uzio wanasogea. Tena macho ya mnyama aliyelala kwa ketamini hubaki wazi. Hayafumbi. Ndiyo maana hupakwa mafuta ya macho yasikauke, kisha hufunikwa kitambaa. Mhusika asiyejua hilo, akiinama kumtazama simba anayemtazama, ana haki ya kutetemeka.

Sindano ya kurushwa nayo ina mambo yake. Masafa ya kawaida ni mita 20 hadi 40. Upepo wa pembeni huipeleka kando. Hulengwa kwenye misuli minene ya paja au bega. Ikitua kwenye mafuta, dawa huingia polepole na daktari hubaki akijiuliza kama aongeze ya pili. Ikigonga mfupa hurudi nyuma ikiwa imetoa nusu tu, au haijatoa kabisa. Basi daktari makini huitafuta nyasini baadaye, akiwa na glavu, aone kama ilifunguka, kwa sababu sindano ambayo haikufunguka ina dawa ndani na bado ina mgandamizo. Mtoto wa kijiji akiiokota kwa vile mkia wake ni wa rangi ya waridi unaopendeza, una sura nyingine mkononi.

Etorfini ikimgusa mtu kwenye kidonda, jichoni au kwa kujichoma, mboni za macho hunywea zikawa kama ncha ya pini, kichwa huwa chepesi, kisha pumzi hupungua. Kinachoua ni kukosa pumzi. Kwa sababu hiyo, kanuni ya kazi ni kwamba daktari hafungui kichupa akiwa peke yake. Dawa ya kutengua huvutwa kwanza kwenye bomba lake, huwekwa mahali mwenzake anapajua, na mwenzake huyo ameshafundishwa kumpulizia mtu pumzi. Sasa zingatia jambo ambalo sijaliona likitumiwa vya kutosha riwayani: naloksoni, inayotumika sana kuwaokoa watu, huisha nguvu mapema kuliko etorfini. Mtu huamka, hucheka, huomba maji. Saa moja au mbili baadaye, ndani ya gari njiani kwenda hospitali, anaanza kusinzia tena. Msomaji anayejua atapiga kelele kabla ya dereva kugeuza shingo.

Dawa hizi hufungiwa, na kila tone huandikwa daftarini: tarehe, mnyama, kiasi kilichotumika, kilichobaki, sahihi. Mpelelezi wako asianze kwa kuvunja milango. Aanze kwa kulisoma daftari, akute kwamba faru aliyelazwa Jumanne alipewa miligramu 9. Hakuna daktari anayempa faru kiasi hicho. Miligramu zilizozidi zimekwenda mahali.

Mwili unavyosaliti

Mnyama akishalala, saa haijasimama. Tembo akianguka kifudifudi, uzito wa tumbo hukandamiza kiwambo cha kupumulia na ana dakika chache tu. Lazima avutwe alale ubavu, kwa kamba na gari na watu wote waliopo. Mkonga hunyooshwa, na kijiti huwekwa kwenye ncha yake pua isizibe. Mnyama acheuaye hufanyiwa kinyume: hukalishwa kifudifudi, kichwa juu na pua chini, gesi isimjae tumboni na matapishi yasiingie mapafuni. Twiga ndiye anayewanyima madaktari usingizi. Shinikizo lake la damu ni kubwa, shingo ndefu, na akikaa na dawa mwilini anaweza asiamke. Kwa hiyo akiyumba tu huangushwa kwa kamba, hudungwa dawa ya kutengua papo hapo, na kazi yote hufanyika akiwa macho, amefunikwa uso, ameshikiliwa shingo na watu wawili watatu.

Kipimajoto ndicho saa yenyewe. Swala aliyefukuzwa kwa gari juani hupanda joto haraka. Likipita nyuzi 41 daktari anamwaga maji na kufikiria kuacha kazi amwamshe. Kuna kifo kingine kinachochelewa. Misuli iliyofanyishwa kazi kupita uwezo huvunjika, mabaki yake huingia kwenye damu na kuziba figo, na mkojo hugeuka rangi ya kahawa. Mnyama anaweza kusimama, akatembea, watu wakapongezana, kisha akafa baada ya saa chache au siku kadhaa. Katika riwaya hili ni hazina: mzigo wa wanyama ulionunuliwa kwa fedha nyingi unaanza kufa mmoja mmoja ghalani, muuzaji anaamini mtu anawatilia sumu, na daktari pekee ndiye anayejua kuwa waliuawa wiki iliyopita, siku walipofukuzwa.

Usidhani haya ni ya porini tu. Oktoba 2011, karibu na mji wa Zanesville katika jimbo la Ohio, Marekani, mtu aliyekuwa akifuga wanyama wakali alifungua mabanda yao kisha akajiua. Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Polisi waliamriwa kupiga risasi, na wakaua karibu wanyama 50, wakiwemo chui milia 18. Dunia iliuliza kwa nini hawakutumia dawa ya usingizi. Ilijaribiwa kwa chui milia mmoja siku iliyofuata, kukiwa na mwanga: alipopigwa sindano alikuja juu, ikabidi apigwe risasi. Usiku ingekuwa vibaya zaidi, kwa kuwa mnyama aliyepigwa sindano gizani anakimbilia vichakani na unampoteza kabla hajalala. Tukio hilo lote, pamoja na chaguo lake chungu, ni somo kwa mwandishi wa taharuki: daktari mwenye dawa sahihi anaweza akakosa nafasi ya kuitumia.

Mnyama kama shahidi

Daktari wetu wa wilaya amefika bafuni. Anachoona ni kitoto chenye madoa na manyoya marefu ya kijivu mgongoni, ambayo kwa duma huanza kupungua akifikisha miezi 3 hivi. Mwenye nyumba anasema ni mondo. Lakini kuna michirizi miwili myeusi kutoka macho hadi pembe za mdomo, na mondo hana hiyo. Kitoto hakisimami, miguu imepinda. Eksirei itaonyesha mifupa myembamba kama karatasi na mivunjiko midogo iliyojiunga yenyewe. Sababu ni chakula. Kitoto kimelishwa mnofu mtupu, usio na mifupa wala ngozi. Mnofu una fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno, kwa hiyo mwili hujichotea kalisi kutoka kwenye mifupa yake wenyewe. Daktari hahitaji mtu yeyote akiri. Picha ile inasema kwamba mnyama huyu yuko mikononi mwa watu kwa wiki nyingi. Njia ya biashara hiyo inajulikana: vitoto hukusanywa Pembe ya Afrika, hupitishwa Somaliland, huvushwa Ghuba ya Aden hadi Yemen na kuendelea nchi za Ghuba. Umoja wa Falme za Kiarabu ulipitisha sheria mwaka 2016 ya kuwakataza watu binafsi kufuga wanyama hatari, na hofu ya sheria kama hiyo inaweza kumfanya tajiri wako atake kumtoa mnyama nyumbani usiku huohuo.

Chipu ni shahidi mwingine. Ina ukubwa wa punje ya mchele, huwekwa chini ya ngozi kati ya mabega, na kwa ndege huwekwa kwenye msuli wa kifua upande wa kushoto. Namba yake ina tarakimu 15. Tatu za mwanzo zikiwa 834 ni Tanzania, 404 Kenya, 784 Falme za Kiarabu, 634 Qatar. Zikianzia 900, mara nyingi ni alama ya kiwanda, na mpelelezi itabidi amfuate muuzaji wa chipu. Chipu huhama, inaweza kukutwa karibu na kiwiko, hivyo kifaa cha kusomea hupitishwa taratibu mwili mzima. Na chipu za zamani hutumia masafa mengine ambayo vifaa vingine havisomi. Daktari anapitisha kifaa, kimya. Wiki mbili baadaye mwenzake wa mjini anapitisha chake, kinalia.

Kuna kupe pia. Mwaka 2000 Marekani ilizuia kuingizwa kwa aina tatu za kobe wa Afrika kwa hofu ya kupe waliowabeba, kupe wanaoweza kueneza ugonjwa wa maji moyo kwa ng'ombe na mbuzi. Mtaalamu akimtazama kupe chini ya hadubini anaweza kusema anatoka ukanda gani. Msafirishaji amefuta kila alama ya sanduku, akamsahau mdudu chini ya kwapa la kobe. Na usifikiri sanduku moja ndilo kipimo cha biashara hii: Aprili 2018, mjini Toliara, Madagaska, kobe zaidi ya 10,000 walikutwa ndani ya nyumba moja, bila maji wala chakula, na harufu ndiyo iliyowafichua.

Kakakuona anastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu waandishi humfungia kwenye banda kwa miezi na kumlisha chochote. Hawezi. Hana meno, anakula siafu, sisimizi na mchwa, na huchagua aina. Akifungiwa hufa kwa njaa, vidonda vya tumbo au nimonia. Walanguzi humshindilia uji au hata changarawe aongeze uzito mizani. Anayemtibu huanza na maji yenye joto la mwili, halafu humtembeza nje kwa saa kadhaa kila siku ajitafutie mwenyewe, akimfuata nyuma kimyakimya na kumpima uzito akirudi. Hospitali zinazowatibu Afrika Kusini hazitangazi wanapolala, maana wezi wanawafuata. Tangu Januari 2017 aina zote 8 za kakakuona zimo kwenye Orodha ya Kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, yaani biashara yake ya kimataifa imefungwa. Hebu fikiria sura hiyo: mtu peke yake usiku wa manane, bila taa kali, akimfuata mnyama anayechimba kichuguu, na mwanga wa gari unatokea barabarani.

Ugonjwa usioonekana

Kama kitabu chako kina ugonjwa unaotoka kwa mnyama, heshimu siku zake. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara huko Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, Yugoslavia, waliugua baada ya kushughulika na tumbili waliotoka Uganda. Waliougua walikuwa 31, wakafa 7. Virusi hivyo, vinavyoitwa Marburg, hukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya dalili, basi mhusika aliyeng'atwa Jumatatu asitapike damu Jumatatu jioni. Mwaka 2003 panyabuku na wanyama wengine wadogo kutoka Ghana waliingizwa Texas kama wanyama wa kufuga. Wakawekwa karibu na kindi wa ardhini wa Amerika, kindi wakauzwa majimboni, na watu 47 wakapata homa ya nyani, ambayo leo huitwa mpoksi, au kudhaniwa kuwa nayo. Hakufa mtu, lakini mnyororo ule, kutoka sanduku la mgeni hadi kitanda cha mtoto aliyenunuliwa kindi, ni ramani tayari ya njama. Inagusa zaidi ukijua kwamba Morogoro ndugu wa panyabuku hao wamefundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini, kifua kikuu, na sasa magamba ya kakakuona.

Kimeta ni cha nyumbani. Mzoga umevimba haraka, haujakakamaa vizuri, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na nyuma. Daktari wa kweli hapasui. Anachukua tone la damu kwenye mshipa wa sikio, analipaka kwenye kioo, basi. Akiufungua mzoga, vijidudu hukutana na hewa na kujivika ganda linaloishi ardhini miaka mingi. Ukiandika daktari anaingiza kisu kwenye mzoga wa namna hiyo, iwe ni kwa sababu amelazimishwa, na msomaji aone anavyokataa mara ya kwanza.

Karatasi

Nitasema wazi: hatari kubwa ya daktari haiko kwenye meno ya mnyama. Iko kwenye kalamu. Mnyama hai havuki mpaka kihalali bila kibali cha CITES kama ni spishi inayolindwa, na bila cheti cha afya kilichosainiwa na kupigwa muhuri na daktari. Walanguzi wana bunduki, magari na fedha. Muhuri hawana. Basi ndipo wanapomjia, kwanza kwa upole: ada ya shule ya mtoto, gari jipya la idara, "ni karatasi tu dokta". Njama inaweza kusimama juu ya cheti kimoja kinachosema "ndege wa mapambo 60" huku masanduku yakiwa na matundu makubwa kuliko ndege anavyohitaji.

Watanzania wanakumbuka habari ya twiga kupanda ndege. Novemba 2010, wanyama hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga 4, walisafirishwa kutoka uwanja wa Kilimanjaro hadi Doha. Mwaka 2014 mahakama mjini Moshi ilimhukumu miaka 60 jela mshitakiwa mmoja, raia wa kigeni, ambaye hakuwepo kusikia hukumu. Mwandishi asiyetaka kuiga kesi hiyo ajifunze tu ukubwa wake: twiga hasafiri amelala. Husimama kwenye sanduku refu, akiwa macho, na wanyama wa aina hii hutulizwa kwa dawa za muda mrefu, nyingine hukaa mwilini siku 3. Mtu aliyedunga dawa ya siku 3 kwa safari ya saa chache anajua mzigo una vituo ambavyo havijaandikwa. Mpe daktari wako kichupa kitupu cha dawa hiyo kwenye pipa la taka la uwanja, naye ataelewa.

Halafu kuna sura ya mwisho, ambayo wengi huimaliza kwa kufungua mlango wa banda, duma akatokomea machweoni. Duma aliyechukuliwa akinyonya hajafundishwa kuwinda na mama yake, na huzoea watu. Akifunguliwa atakufa njaa au atarudi kwenye zizi la mtu. Ndiyo maana makumi ya duma waliokamatwa Somaliland wanaishi kwenye hifadhi ya uangalizi. Kila mmoja akikua hula kilo moja na nusu hadi mbili za nyama kwa siku, pamoja na kalisi ya nyongeza, kwa miaka kumi au zaidi. Kwa hiyo kitabu chako kinahitaji mhusika mmoja zaidi, yule atakayenunua hiyo nyama kesho asubuhi baada ya polisi na waandishi wa habari kuondoka, na ingefaa msomaji awe amemwona mapema, labda ni yule mlinzi aliyepiga simu.